Nani mwenye nyumba?

Najua nimeadimika. Mlioniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimeoa kimya kimya bila ya kuwalisha biriani, jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nachora. Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali kidogo. Alkhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, saa nane za mchana hivi, ilitangazwa Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, anayeishi Uingereza tangu akiwa kijana. Mimi nilikuwa na miezi michache tu kazini. Mhariri akageuka pale alipo, akaangaza macho chumba kizima, akanifikia mimi. "Wewe si ndiye uliyesoma fasihi Mlimani? Huyu unamjua. Nipe maneno mia nane kabla ya saa kumi na moja."

Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalijua jina, basi. Miaka mitatu ya chuo nilisomeshwa Wanaijeria, Wakenya na Wamarekani, na huyu wa kwetu sikuwahi kufungua hata jalada. Nikaokoteza kwenye mashirika ya habari, nikapiga simu mbili, maneno mia nane yakatimia. Kesho yake jina langu likatoka ukurasa wa mbele juu ya habari ya mtu ambaye sijasoma hata sentensi yake moja. Ile aibu nilikaa nayo muda mrefu.

Lakini jioni ile ile, nilipopita barazani kunywa kahawa, nikaona jambo ambalo nilikuja kulifahamu baadaye sana. Wazee walikuwa na habari tayari, redio zimeshasema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kaandika nini. Waliulizana: mtoto wa nani? Kwao mtaa gani? Mama yake nani, kaolewa na nani? Mmoja anataja ukoo, mwenziwe anakataa, wa tatu anasema alisoma naye darasa moja. Ndani ya vikombe viwili vya kahawa walikuwa wameshachora ramani nzima ya mtu, bila ya kalamu wala karatasi.

Nikaanza kumsoma. Sitawapitisha kwenye vyote. Kilichonikamata ni kile cha mwaka 2001, By the Sea. (Asiyependa kuharibiwa utamu wa hadithi aishie hapa, arudi akishakisoma.) Anafika mzee wa miaka sitini na tano kiwanja cha ndege cha Gatwick, Kiingereza anakijua lakini anajifanya hakijui, na mkononi ana kasha dogo la udi. Jina lake Saleh Omar. Lakini pasipoti yake inasema yeye ni Rajab Shaaban. Ofisa wa uhamiaji anamchukulia ule udi. Wale wanaomsaidia wakimbizi wanatafuta mtu wa kumtafsiria, wanampata mwalimu wa chuo kikuu kule London, Latif Mahmud, mtu wa kwao. Kumbe huyo Rajab Shaaban halisi, mwenye jina lililoandikwa kwenye pasipoti, alikuwa ni baba yake Latif.

Hapo ndipo nilipopotea. Kila baada ya kurasa kumi anaingia mtu mwengine, na kila mtu ana deni na mtu, au kamwoa jamaa wa mtu, au kamchukulia mtu kitu. Kuna Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi aliyekuja na msimu. Kuna Hassan, kaka yake Latif, aliyeondoka na huyo Hussein asirudi. Kuna Asha, mama yao. Kuna Bi Maryam. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja, narudi nyuma mitano.

Basi nikaamua kuchora. Hii nilijifunza mahakamani. Kesi za mirathi na nyumba, kama mnavyojua hapa petu haziishi, na mwandishi mgeni huchanganyikiwa kwa sababu kila shahidi anaitwa Khamis. Nilizowea kuweka majina kwenye viduara na kuyaunga kwa mistari: huyu kazaa na huyu, huyu kamuuzia huyu, huyu kamshitaki huyu. Na chuoni pia mwalimu wetu mmoja alitwambia kwamba William Faulkner, Mmarekani wa Mississippi, alichora ramani ya wilaya yake ya kubuni na kuitia ndani ya riwaya yake ya mwaka 1936, Absalom, Absalom!, na akajiandika mwenyewe kuwa ndiye mmiliki pekee wa wilaya ile. Mmiliki! Wakati ule nilicheka nikaona ni mbwembwe za mtunzi. Sasa naona kumbe neno hilo halikuwa la mchezo.

Na huyu Saleh Omar mwenyewe ni mpenzi wa ramani. Anasimulia kwamba alizijua kwanza skuli, akiwa mtoto mdogo, mwalimu akiwahadithia habari za Columbus huku anachora pwani za dunia ubaoni kwa chaki. Nikasema, kama mwenye kitabu kapewa ramani, na mimi nichore yangu.

Nikachukua kalenda kubwa ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikaitandika chini ukumbini kwa bibi, kwa sababu chumba changu hakitoshi kuitandaza. Kalamu tatu: nyekundu ya deni, buluu ya damu na ndoa, kijani ya safari. Nikamweka Saleh Omar katikati, maana ndiye msimulizi wa kwanza na wa mwisho. Baada ya saa nzima karatasi ikawa kama wavu wa mvuvi uliokwama kwenye mwamba. Mistari yote inakwenda, haikutani.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akanyanyua macho. "Mume wangu, unachora nini?"

"Watu wa kitabu, bibi. Nataka kujua nani yuko vipi na nani."

Akaitazama karatasi, ingawa miwani hakuvaa. Akaniuliza, "Nani mwenye nyumba?"

Nikamwambia hii si habari ya nyumba, ni habari ya mkimbizi. Akasema, "Haya," akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikakaa pale na kalamu mkononi. Kwa sababu mle kitabuni mna nyumba mbili, na mimi sikuzipa hata kiduara.

Nikageuza kalenda ya pili, nikaziweka nyumba mbili katikati na watu pembeni. Wallahi karatasi ilisafika. Nyumba ya kwanza ni ya Bi Maryam, aliyoachiwa na mumewe wa mwanzo, nahodha. Akaolewa tena, na nyumba ikapita kwa mume wa pili, baba yake Saleh, kisha kwa Saleh. Lakini Rajab Shaaban alikuwa mtoto wa ndugu wa Bi Maryam, na yeye akiona nyumba ile ilikuwa iwe yake, kadhulumiwa. Nyumba ya pili ni hiyo anayoishi Rajab na wanawe. Hussein anapokuja na msimu hufikia humo, hula humo, humharibu kijana wa mwenye nyumba humo humo, na kabla ya kuondoka hati ya nyumba imeshaingia mkononi mwake kwa habari za biashara na mkopo. Hati ile ile anaiweka rehani kwa Saleh Omar, anachukua pesa, anapanda jahazi, kwaheri. Saleh anadai chake. Familia inatolewa, nyumba na vyombo vyake. Kuna kimeza cha mpingo ambacho Hussein alikinunua dukani kwa Saleh akampa Hassan zawadi. Mama anamtuma mtoto mdogo, Latif, akakiombe kimeza hicho tu. Saleh anakataa.

Nawaambieni, vimeza vya namna hiyo nimeviona vingi katika nyumba za watu hapa mjini, vimebeba simu na rimoti. Sivitazami tena vile vile.

Yaliyobaki yanatokana na hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Asha alikuwa karibu na mkubwa mmoja serikalini, na Saleh akalala gerezani zaidi ya miaka kumi. Alipotoka, mke na mwanawe wameshakufa. Hassan naye akarudi uzeeni, kaja kama mrithi wa Hussein, anadai deni lile lile. Ndipo Saleh akakimbia, na jina alilolichukua ili akimbie ni la mtu yule yule aliyemchukulia nyumba. Ukiweka nyumba katikati, pasipoti ile haishangazi tena.

Kuna uzi mmoja ambao sikupata pa kuufunga: hadithi ya Bartleby, ya Mmarekani Herman Melville, ya mwaka 1853, kuhusu karani wa New York anayekataa kila anachoagizwa, tena kwa adabu kubwa. Saleh anaipenda, na Latif naye anaijua, na hiyo ndiyo moja ya lugha wanazoelewana nazo. Nikauacha pembeni ya karatasi unaning'inia. Labda mahala pake ni hapo.

Jioni zilizofuata nilikuwa namhadithia bibi, maana nakala yangu ni ya Kiingereza. Baada ya magharibi, yeye na tasbihi yake, mimi na kalenda. Sijapata kuona msomaji kama yule. Nilipomwambia anayoyasema Saleh, akawa upande wa Saleh: kamkopesha mtu pesa zake, afanye nini? Tulipofika sehemu ya pili, anaposimulia Latif, akahama kabisa: mtu gani huyo anamnyima mtoto kimeza? Sehemu ya tatu anarudi Saleh kusimulia, na bibi akanyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu akauliza:

"Na huyo Bi Maryam. Nyumba ilikuwa yake. Yeye kasema nini?"

Nikafungua kitabu, nikafungua tena. Wasimulizi ni wawili, Saleh na Latif. Bi Maryam anasimuliwa. Asha anasimuliwa, tena vibaya, na watu wawili ambao kila mmoja ana sababu yake. Mke wa Saleh, Salha, amekufa kabla hajaulizwa. Mistari yangu yote myekundu inapita kwa hawa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyepewa sura yake. Baadhi ya wasomaji watasema ni kasoro ya kitabu. Mimi nafikiri Gurnah alijua anachofanya, hata sehemu ya mwisho kaiita kwa jina la ukimya. Lakini sikumwambia bibi hayo. Nilimwambia tu kwamba hakusema kitu.

"Hakuulizwa," akasema bibi.

Sasa hapa inabidi niseme habari ya kwetu. Nimemuomba bibi ruhusa, kasema niandike, wenyewe wameshasikia, lakini mtaa nisiutaje. Sitautaja. Ni nyumba ya mawe na chokaa, ghorofa moja, dari ya boriti za mikoko kama zilivyo nyingi za Mji Mkongwe. Babu aliinunua mwaka 1986 kwa familia iliyokuwa inahama, kwa malipo ya awamu ya miaka mitatu. Karatasi iliandikwa jina la baba yangu, mtoto mkubwa, aliyekuwa karani bandarini na ndiye aliyekuwa akienda kuandikishana. Ami yangu alikuwa kijana, akatoka akaenda Maskati kutafuta maisha. Babu alipofariki mwaka 2011, kwenye arubaini karatasi ikatoka, ami akaona jina la kaka yake peke yake, na pale pale mbele ya sahani za watu wakagombana. Ami anasema awamu ya mwisho katuma yeye kutoka Maskati, pesa taslimu, kwa mkono wa msafiri. Baba anaapa kwamba pesa za ami haikuingia hata senti moja kwenye nyumba ile. Tangu siku hiyo hawaamkiani. Ijumaa mmoja anasali mskiti huu, mwengine ule. Mimi nimekua nikijua kwamba ukimuona ami barabarani unakwenda kumbusu mkono haraka haraka, halafu nyumbani husemi.

Na nyumba inakufa. Boriti tatu za chumba anacholala bibi zimeliwa, ukuta una ufa unaopitisha vidole viwili, na kila masika tunasogeza kitanda. Mnakumbuka Disemba 2020, Beit el Ajaib, jumba la ukubwa ule, sehemu yake moja iliporomoka mchana kweupe. Sisi fundi tulishamleta. Kasema hagusi mpaka wenye nyumba wawe na kauli moja, hataki kuitwa mahakamani. Namfahamu, mimi hao mafundi wa mahakamani nimewaandika mwenyewe.

Basi usiku ule nikageuza kalenda ya tatu. Nikaweka nyumba yetu katikati, baba kushoto, ami kulia, babu juu. Nikamuuliza bibi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na naona haya kuandika haya mimi mtu ambaye kazi yangu ni kuuliza: "Bibi, awamu ya mwisho alilipa nani?"

Akanyamaza mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, mtupu, akaniambia nihesabu. Palikuwa na bangili sita za dhahabu, za mama yake. Siku ya kulipa ilifika, pesa za Maskati hazijafika, mwenye nyumba anatishia kuuza kwa mwengine. Akaziuza. Babu akamuomba asimwambie mtu, kwa kuwa akiona aibu kukaa kwenye nyumba iliyolipiwa na dhahabu ya mke. Miezi saba baadaye msafiri akafika na pesa za ami, kamili, kama alivyosema.

"Zikaenda wapi?"

"Baba yako alikuwa kaposa. Tukamwoza."

Yaani ami hasemi uongo, alituma. Na baba hasemi uongo, haikuingia hata senti. Iliingia kwenye mahari na biriani ya harusi ya wazee wangu, mwaka 1990, harusi ambayo ndiyo iliyonileta mimi. Nilitaka kuchora mstari huo mwekundu kutoka kwa ami kuja kwenye jina langu mwenyewe, mkono ukawa mzito.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Alinitazama kama ninayeuliza swali nililokwisha jibiwa.

Ijumaa akaniagiza niwaite wote wawili, niwaambie bibi anataka kusomewa kitabu na wao wawepo. Walikuja, kwa sababu ni mama, na mama akiita mtu huenda. Wakakaa ncha mbili za ukumbi. Nikawahadithia By the Sea kwa ufupi, sauti ikinitetemeka kama naripoti kesi ya mauaji. Nikafika pale Saleh na Latif wanapokutana Uingereza, mji mdogo kando ya bahari, na kuanza kuambiana kila mtu nusu yake, na wanapatana. Ami akasema kitabu kizuri. Bibi akasema, "Wamepatana kwa kuwa nyumba hawana tena." Kisha akaweka mkono mtupu juu ya mkeka na akaanza yeye kusimulia.

Sitaandika yaliyosemwa baada ya hapo, si yangu. Nitasema tu kwamba ami alilia na baba hakulia, na kwamba baba aliuliza bangili ziliuzwa kwa sonara gani, kana kwamba anaweza kuzifuata. Hawakupeana mikono. Baba alitoka kwanza.

Kwa wanaotaka kuanza kumsoma Gurnah kwa Kiswahili, Peponi ipo, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imetolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ndiyo Paradise ya 1994. Mle kinachowekwa rehani si nyumba, ni mtoto, Yusuf, kwa deni la baba yake. Bibi nimeanza kumsomea. Tuko sura ya pili na ameshauliza mama yake Yusuf alisema nini.

Fundi alikuja Jumamosi iliyopita kupima boriti. Ami ndiye aliyemshikia ngazi. Baba alifika wakati wamo kazini, akasimama mlangoni, hakuingia na hakuondoka, mpaka fundi alipopaza sauti kuuliza nani amwandikie hesabu, na wote wawili, kwa pamoja, wakamtazama bibi.